Kasuku wa marehemu anaita kila magharibi

BARUA

Assalaam aleikum Bwana Mifugo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mji wa Kale, Mombasa. Wiki tano zilizopita niliachiwa kasuku, na tangu aingie nyumba haijatulia. Nakuandikia wewe kwa sababu kila ninayemuuliza hapa mtaani ana dawa yake.

Ni yule kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Alikuwa wa bi mkubwa mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyefariki mwezi wa Rajabu. Mwanawe wa pekee anaishi Maskati. Alikuja maziko, akakaa siku kumi, akafunga nyumba. Siku ya kuondoka akasimama mlangoni kwangu na tundu mkononi: "Mama Salma, wewe ndiye uliyekuwa ukimletea mama uji. Mchukue na huyu." Ningemwambia nini? Nikapokea. Jina la ndege hakulijua. Alisema mama yake alimpata baada ya yeye kuhama, yapata miaka kumi na minane, na kwenye simu akimtaja kama "kasuku wangu" basi. Watoto wamempa jina Johari.

Tundu alilokuja nalo lilikuwa limeliwa na kutu. Mume wangu akanunua jingine, akamfunika ndege kwa taulo, akamkamata kumhamisha. Ukelele alioutoa sijapata kuusikia, na kidole gumba cha Baba Salma kilishonwa nyuzi mbili. Tangu siku hiyo mume wangu akipita tu, ndege ananguruma. Naam, ananguruma kama mbwa. Mimi hunivumilia. Salma, wa miaka tisa, ndiye pekee anayeweza kukaa naye karibu akifanya kazi zake za shule.

Mchana kutwa hasemi neno. Lakini magharibi, adhana ikimalizika, huanza: "Rukia! Rukia! Njoo ule!" Kwa sauti ya bi mkubwa, Bwana Mifugo, sauti yenyewe, kisha kile kikohozi chake kikavu na "Ya Rabbi" yake. Siku ya kwanza niliangusha birika la chai. Hatuna Rukia hapa, wala marehemu hakuwa na binti. Baba Salma anasema hicho si kitu cha kukaa nacho nyumbani, nikifukizie. Basi kila Alhamisi naweka chetezo cha udi chini ya tundu.

Sasa ameanza kujinyonyoa. Kifua kimekuwa kama kuku aliyetiwa maji moto. Nampa alizeti, wali, na chai ya maziwa kwenye kisahani, kama alivyokuwa akipewa kwa marehemu. Tundu nimeliweka ukumbini, karibu na mlango wa jikoni, kwenye televisheni, asiwe mpweke.

Mmoja kaniambia nimkate mbawa. Mwingine, nimpe pilipili ulimi ulegee aongee na mchana. Mwingine, akinguruma nimfunike kanga mpaka akome. Mtu wa yule mwana wa marehemu naye amepiga simu, anasema kama tumeshindwa apakiwe apelekwe Maskati. Je, huyu atatuzoea, au nimtoe? Na ile sauti nifanye nini nayo?

Mama Salma, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam Mama Salma, na poleni kwa kuondokewa na jirani.

Kwanza chetezo. Kiondoe sasa hivi, barua utaimalizia baadaye. Sikatazi udi, nyumba ya Mji wa Kale bila udi Alhamisi si nyumba. Ila fukiza chumbani, mlango umefungwa, yeye akiwa roshani. Mapafu ya ndege si kama yetu. Hewa hupita ndani yake kwa njia moja bila kurudi, ikisukumwa na mifuko ya hewa iliyojaa mwilini mpaka kwenye baadhi ya mifupa, ili apate nguvu ya kuruka. Basi na moshi nao humwingia vivyo hivyo, haraka na wote. Ndiyo maana wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka mgodini na chiriku kwenye kitundu mpaka mwaka 1986: hewa ikichafuka, chiriku huanguka kabla mtu hajahisi kitu.

Na mlango wa jikoni ni pabaya kuliko chetezo. Hili nalijua kwa majuto. Nilikuwa na kasuku wangu kwa miaka kumi na mmoja. Siku moja nilibandika jikoni kile kikaango cheusi kisichoshika chakula, nikaitwa nje, nikakaa na mgeni barazani. Kikaango kilikuwa kitupu na moto mkali. Niliporudi hakukuwa na moshi wa kuonekana wala harufu ya kunitisha, mimi mwenyewe sikukohoa hata mara moja. Ndege alikuwa chini ya tundu, mdomo wazi. Ile ngozi nyeusi ya kikaango ikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache. Bwana mifugo mzima, nimetibu ng'ombe wa watu miaka thelathini, nikaua ndege wangu kwa kikaango. Mhamisheni huyo leo. Dawa ya mbu ya kupuliza, ile ya kuchoma ya mviringo, jiko la makaa, manukato ya chupa, vyote vikae mbali naye.

Sasa tumwangalie mwenyewe.

Umeandika kwamba mumeo alimkamata kwa taulo, ukapita, kana kwamba ni jambo la kupita. Nadhani ndipo ugomvi wao ulipoanzia. Hapa Kenya kasuku wa kijivu wa mwituni wamebaki wachache mno, huko msitu wa Kakamega. Wengi wa wale waliofika majumbani kwetu miaka hiyo walitoka misitu ya Kongo. Huko mtegaji hupaka ulimbo kwenye matawi, akamweka ndege mwingine juu kama chambo ili alie. Kasuku hawapiti mwenzao akilia. Hushuka, hunasa, hung'olewa kwa mikono, hutiwa makreti, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Siwezi kukuapia kwamba huyu wako alipita huko. Lakini ndege wa umri wake anayepiga ukelele wa namna ile kwa taulo na mkono, mimi humdhania hivyo mpaka nionyeshwe vingine. Baba Salma hakukosa kwa ubaya, tundu lilikuwa limeoza na ilibidi ahamishwe. Kwa ndege ilikuwa ni mkono uleule umerudi.

Kunguruma kwenyewe ni tabia ya kasuku hawa, na si ujeuri. Hunguruma akiogopa na hana pa kukimbilia. Kwa hiyo ukimfunika kanga kama adhabu, umemwongezea kile kile anachokiogopa. Asante kwa jirani, lakini hapana.

Jifunzeni kumsoma, nyote, na Salma nadhani ameshaanza bila kufundishwa. Tazameni mboni ya jicho. Kasuku mzima jicho lake ni la manjano hafifu, na katikati kitone cheusi. Kitone hicho kikianza kusinyaa na kutanuka upesi upesi, damu imepanda: huenda ni furaha, huenda ni hasira. Hapo angalia manyoya ya kisogo. Yakisimama, akajivuta nyuma na kuubana mwili ukawa mwembamba, ondoa mkono wako. Kung'ata ndilo neno la mwisho, na mwenye kung'atwa kwa kawaida ameshaambiwa mara tatu. Upande wa pili, akisimama kwa mguu mmoja, mwili umelegea, na ukasikia kisauti kama cha mtu anayesaga mchele kwa kidole, huko ni kusaga mdomo. Amestarehe, anakaribia kulala. Siku utakayosikia kisauti hicho Baba Salma akiwa chumbani, mnunulie mumeo haluwa.

Na akiinamisha kichwa, akafutua manyoya ya shingo akakuonyesha kisogo, anaomba akunwe. Mkune kichwani na shingoni peke yake. Mgongoni na chini ya mbawa usimguse, huko hugusana dume na jike, mtamchanganya akili bure. Kama ni dume au jike, mimi sijui na wewe hujui. Kwa macho hawatofautiki, ni mpaka unyoya upelekwe maabara. Endelea kumwita vyovyote.

Namna ya kumzoesha mumeo ni hii, na inachosha kwa sababu hakuna kitu cha kufanya. Kila jioni akae kwenye kiti hatua tatu kutoka kwenye tundu, ubavu-ubavu, asimkazie macho. Kinachokodoa macho mawili mbele ni kinachokula ndege, kama paka na mwewe. Asome gazeti kwa sauti ya kawaida. Akiondoka, adondoshe punje mbili za alizeti kwenye kikombe chake aende zake. Asisubiri shukrani. Baada ya siku nane, kumi, asogeze kiti kidogo. Ndege akinguruma, kirudi kilipokuwa jana. Itafika siku atasogea mwenyewe kwenye waya kuona huyu mtu wa alizeti mbona leo amechelewa. Taulo lisionekane chumba hicho.

Kwa hiyo alizeti iache kuwa chakula, iwe zawadi. Hapa nitakukalisha kidogo, maana naona kama nusu ya matatizo ya kasuku wa majumbani iko kwenye kikombe. Alizeti ni mafuta matupu kwake, haina madini ya kutosha wala vitamini A. Kasuku wa kijivu hasa huishiwa na kalsiamu damuni, na ikishuka sana huanguka akapigwa na degedege, watu wakadhani amerogwa. Mchemshie kunde, choroko, mtama. Mkatie karoti, boga, mchicha, sukuma wiki, papai lililoiva, kipande cha hindi bichi kwenye gunzi lake ashughulike nacho. Ukipata chikichi mbichi mpe, huko msituni ndicho chakula chake. Karanga ziwe chache na zilizo safi, zenye ukungu zina sumu. Pilipili mpe, naam, iko na vitamini tele na wala haimwashi: ndege hausikii ule ukali unaotufanya sisi tutokwe na machozi. Haitalegeza ulimi wowote. Kusema hakutoki ulimini kama kwetu, sauti yake hutengenezwa chini kabisa kwenye koo, pale bomba la hewa linapogawanyika.

Chai hapana, wala kahawa. Maziwa hana kinachoyasaga. Chokoleti na parachichi ni sumu kwake, watoto waambiwe. Chumvi na pilau la wageni, mbali. Najua bi mkubwa alimpa chai miaka yote na hakufa. Hata mzee wetu wa sigara aliishi miaka themanini na tano.

Usimkatie alizeti ghafla. Kasuku aliyezoea mbegu anaweza kukitazama kikombe cha mchicha mpaka afe njaa, hakijui kuwa ni chakula. Changanya kidogo kidogo, wiki hata sita. Na nyinyi kuleni vyakula hivyo mbele yake. Salma achukue karoti, aitafune kwa kelele, amsifie karoti. Anunue Baba Salma mizani ndogo ya jikoni ya gramu, mumpandishe juu yake kila asubuhi atakapokubali, muandike. Wengi wao huwa kati ya gramu mia nne na mia tano na ushei. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, msisubiri.

Kwa kalsiamu wewe uko Mombasa, una bahati kuliko mtu wa Nakuru: ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaookotwa ufukweni. Uroweke maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji, uanike juani mpaka ukauke kabisa, umfungie kwenye waya autafune. Na jua lenyewe. Bila jua la ngozi kalsiamu haimsaidii, na jua lililopita kwenye kioo haliingii hesabuni. Roshani asubuhi, saa moja hadi saa mbili, nusu ya tundu iwe kivulini. Lakini mtu akae naye. Kunguru wa mji huo unawajua, watamvuta vidole kwenye waya, na paka wa Mji wa Kale hawahitaji utambulisho.

Sasa kifua. Tazama kichwa chake: kama kichwa kimevaa manyoya yote na kifua ndicho kilicho uchi, basi anajinyonyoa mwenyewe, maana kichwani mdomo wake haufiki. Kabla ya kusema ni huzuni, aonwe na daktari wa mifugo, na uulize waziwazi kama ameshawahi kutibu ndege, wengi wetu tumesomea ng'ombe na mbuzi. Ugonjwa wa ngozi, ini, vidudu vya tumboni, vyote huleta kunyonyoa. Hilo tundu jipya nalo lichunguzwe. Kama ni waya wa mabati unaobanduka unga mweupe, akiutafuna ananyweshwa zinki. Ukikuta ni mzima, ndipo tunasema ni kuchoka, hofu, na kukosa usingizi. Ukumbini, mbele ya televisheni, analala saa ngapi huyo? Saa tano ya usiku, na swala ya alfajiri ameshaamshwa. Yeye ni wa msitu wa ikweta, giza lake ni la muda wa saa kumi hadi kumi na mbili, kila usiku, mwaka mzima. Mpe chumba cha kulala chenye giza. Kanga ya kufunika tundu wakati wa kulala sawa, hiyo ni shuka.

Mchana mpe kitu cha kuharibu. Kumbi la nazi! Mfungie kumbi zima na kamba ya usumba, mfiche karanga moja ndani, utapata asubuhi nzima ya amani na sakafu ya kufagia. Kifuu chenye tundu, sanduku la karatasi, fito za mpera zenye gome lake, unene mbalimbali, ili miguu isikanyage kitu kimoja siku zote. Ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, ameumbwa kushika.

Mbawa usimkate. Kasuku wa kijivu ni mzito, akikatwa mbawa huanguka kama embe, hupasua kifua. Na ndege anayeogopa, ukimnyang'anya kukimbia, umembakizia mdomo tu. Fungeni madirisha, zimeni feni, ndilo la kufanya.

Vumbi jeupe utakaloliona kwenye televisheni linatoka kwenye manyoya yake, ni maumbile. Kama kuna mwenye pumu nyumbani ni sababu nyingine ya kutomweka ukumbini. Mnyunyizie maji safi kama manyunyu ya mvua mara tatu kwa wiki, apangusiwe sakafu kwa kitambaa kibichi. Na yeyote akishikwa na homa na kikohozi kisichoisha, amwambie daktari wa binadamu: "Nyumbani tuna kasuku." Kuna homa ya ndege hawa inayofanana na kichomi na hutibiwa kwa dawa yake, daktari asipoambiwa hataiwaza.

Jambo la serikali, kwa ufupi. Kasuku wa kijivu kwa sheria ya Kenya ni mnyamapori, sheria ya mwaka 2013, na kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Mwaka 2022 KWS walitoa muda wa watu kusajili kasuku wao bila kushtakiwa. Muulize yule mwana wa marehemu kama mama yake alijiandikisha na karatasi iko wapi. Iwepo isiwepo, nenda ofisi ya KWS ukaeleze ulivyoachiwa, usingoje uulizwe. Habari za kumpakia kwenda Maskati ziishe leo. Kikao cha CITES, mkataba wa mataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, cha Johannesburg mwaka 2016 kilimweka kasuku huyu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, pamoja na sokwe, na kumvusha mpaka bila vibali ni jela. Anayetoa ushauri huo kwa simu hatakuwepo uwanja wa ndege.

Nimeliacha la sauti mwisho kwa sababu ni la kukisia, na nimelikisia siku mbili.

Si mzuka. Mwambie Baba Salma kwa heshima zote. Kasuku wa mwituni jioni huitana kabla ya kulala, kila mmoja ahakikishe wenzake wapo. Wa nyumbani kundi lake ni watu, na lugha ya kuitana huichukua kwao. Huyu kila magharibi kwa miaka kumi na minane alisikia maneno yale, akapata chakula na mwenzake wa kula naye. Sasa magharibi inaingia, haoni mtu, anatoa ule mwito anaoujua kuwa huleta mtu. Nyinyi mnanyamaza na kutazamana. Kesho anaita tena, anang'oa unyoya mwingine. Mjibuni! Neno lolote. "Nipo." "Naja." Ukiwa chooni, jibu kutoka chooni.

Sasa fikiri nami. Bi mkubwa hakuwa na binti. Mwanawe alikuwa Maskati, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea uji, kwa hiyo aliishi peke yake. Alikuwa akimwita nani magharibi aje ale?

Wapo wataalamu waliofuatilia kasuku wadogo wa kijani wa Venezuela, matokeo yakatoka mwaka 2011: wazazi humpa kila kinda mlio wake angali kiotani, na kinda hukua akiitwa na kuitika kwa huo. Majina, kwa lugha yetu. Na yule kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, aliyefundishwa na Irene Pepperberg huko Marekani toka 1977 hadi ndege alipokufa 2007, alijua rangi, maumbo na hesabu mpaka sita, kwa kutazama watu wawili wakiulizana mbele yake. Hawa hawasemi hovyo kama methali zetu zinavyowasingizia. Hulibandika neno mahali pake.

Leo magharibi, kabla hajaanza, msiwashe televisheni. Simama hatua tatu kutoka kwenye tundu na tende moja mkononi, ubavu-ubavu. Usimwite Johari. Sema kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akisema marehemu, ukiacha kikohozi: "Rukia, njoo ule." Kisha tazama kitone cheusi cha jicho, na miguu kama inatembea kwenye fito kuja upande wako. Uniandikie.